Mshipi Uliogusa Maiti

Mawese yakipakwa juu ya chuma hutoa harufu isiyofanana na ile ya jikoni. Jikoni yananukia moto na chumvi, na mtoto mwenye njaa huisikia harufu hiyo akiwa mbali akakaza mwendo. Juu ya chuma yananukia kama damu inayoanza kukauka, utamu uliochanganyika na kutu. Hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya kopo la baba. Lilikuwa kopo kubwa la maziwa ya unga, limebonyea ubavuni, na ndani yake alitunza vyote vilivyobaki vya kazi yake tuliporudi Rwanda kutoka Bukavu: ndoano zilizochomekwa kwenye kipande cha ndala kuukuu, mishipi ya kuvulia iliyozungushwa juu ya vijiti vya mianzi, tupa ndogo, koleo, chubwi za kuzamishia mshipi alizozitengeneza kwa risasi ya betri za magari, na kitambaa kilicholowa mawese. Mama hakuvuka pamoja nasi. Vijana wenye marungu walimuua barabarani kule Bukavu kwa ajili ya godoro alilokuwa amelibeba kichwani. Baba alipotufikisha ng'ambo hii ya Cyangugu, mimi na wadogo zangu Fideli na Solanje, hakuwa na kitu kingine cha kutuonyesha kwamba maisha yataendelea ila kopo hilo. Aliliweka katikati ya nyumba tupu tuliyopewa, mahali ambapo watu wengine wangeweka meza.

Mimi nilikuwa kifungua mimba, msichana wa miaka kumi na mitatu, na shule niliiacha huko huko Bukavu kabla sijamaliza darasa la tano. Yaliyobaki alinifundisha baba, na mengi yake yalihusu ndoano. Alisema ndoano huchaguliwa kwa ukucha: iburute ncha yake taratibu juu ya ukucha wa kidole gumba, ikiteleza ni butu, iking'ata na kuacha mkwaruzo ni nzima. Kisha ipinde kidogo kati ya vidole. Inayobaki imepinda ni bati, inayokatika ni kioo, ile inayorudi mahali pake ndiyo ya kununua, hata kama muuzaji ananuna. Tilapia ana mdomo mdogo na wa aibu, anataka ndoano ndogo yenye shina refu. Kambare anajiviringisha akishikwa, anataka ndoano pana ya waya mnene. Mshipi, yeye aliupima kwa midomo. Alifumba macho akaupitisha kati ya midomo yake kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa sababu, alisema, kidole cha mtu wa kazi kimekwisha kufa lakini mdomo haufi. Palipo na mkwaruzo alipakata bila huruma, hata kama ni katikati ya mshipi mpya. Fundo alililowesha kwa mate kabla ya kulikaza, maana fundo kavu hujiunguza lenyewe. Tukitoka ziwani kila kitu kilisuuzwa kwa maji ya chemchemi, kikaanikwa kivulini, kikafutwa kwa kitambaa cha mawese. Wahenga walisema akiba haiozi. Baba alicheka, akasema akiba ya chuma huoza, tena upesi kuliko samaki.

Walimuua asubuhi, jua likiwa limekwisha kupanda, mbele ya mwalo mzima. Mwalo ndivyo tunavyopaita mahali mitumbwi inapoegeshwa na samaki wanapouzwa. Siku zile kambi za wakimbizi zilikuwa zimejaa upande wa pili wa ziwa, na katikati ya watu wenye njaa walikuwamo watu wenye silaha waliovuka maji kuja kuua na kupora, kisha wakarudi walikotoka. Mitumbwi yao ilipotokea nyuma ya rasi, watu walidhani ni wavuvi wa sambaza, wale dagaa wa ziwa letu, waliochelewa. Baba alikuwa ameketi juu ya jiwe akinoa ndoano, mshipi ameuzungusha mkononi. Panga lilimpata begani kabla hajageuka, halafu shingoni kwa nyuma, halafu sikuhesabu tena. Mimi nilikuwa ndani ya migomba juu ya mwalo, nimemlalia Solanje nimemziba mdomo kwa kiganja, naye Fideli ameuma gauni langu ili asilie. Niliona mzee mmoja akikimbilia majini na kuchomwa mkuki mgongoni kama samaki. Niliona mtu akilifungua kopo la baba kwa matumaini ya maziwa, akatukana, akalipiga teke. Waliondoka na mtumbwi wetu, ule baba alioupata tulipokwisha kurudi, na kwa kuwa mshipi ulikuwa umenasa kwenye ubao wake, waliposukuma walimburuta baba mchangani hadi ndoano ikazama yote kiganjani mwake na mshipi ukakatika.

Nilipomfikia alikuwa bado anapumua. Nilitaka kuichomoa ndoano ile kwanza, sijui kwa nini ile na si majeraha mengine. Labda kwa sababu ndiyo pekee niliyoielewa. Nilivuta, akanitazama, akasema kwa sauti ndogo, bila hasira, "Hapana, mwanangu. Sukuma mbele." Wahenga husema mwiba uchomapo ndipo utokeapo, lakini hawakuwa wakisema habari za ndoano. Ndoano ina jino dogo nyuma ya ncha, na ukiirudisha ilikotoka inararua nyama. Niliisukuma mpaka ikatokea upande wa pili wa kiganja, nikalikata jino kwa koleo, nikaitoa. Alikufa nikiwa nimeushika mkono huo. Tulimzika kabla ya mvua ya mchana, pamoja na wengine, bila jeneza.

Baada ya mazishi alikuja shangazi, dada yake baba, ambaye tuliporudi alipewa shamba Bweyeye, kule kando ya msitu wa Nyungwe. Alikuwa ametembea mwendo mrefu na miguu yake ilikuwa imevimba. Shangazi hakuwa mtu mbaya. Aliingia, akatazama chungu, akatazama paa, akasema Fideli atakwenda naye kuchunga mbuzi wa jirani yake, Solanje atapelekwa kwa familia moja inayotafuta mtoto wa kazi, na mimi nitatafutiwa mahali. Alisema bila kupandisha sauti, kama mtu anayegawa mbegu. Nilimwambia kwamba watoto hawa wamekwisha kuona mama akiachwa barabarani na baba akiburutwa mchangani, na kwamba sitaki waone mlango wa nyumba yao ukifungwa. Akaniuliza watakula nini. Nikamwonyesha kopo. Akatoka nje kutazama shamba letu dogo ambako mvua za kwanza zilikuwa zimeotesha maharage. "Haya," akasema. "Nitakupa mpaka maharage haya yakauke. Lakini nikisikia wamelala njaa, nakuja hata kama bado yana maua." Hapo ndipo msimu wangu ulipoanza, na kila nilichokifanya katika msimu ule nilikifanya ili watu wawili wadogo waendelee kulala katika chumba kimoja nami.

Sikuwa na mtumbwi, kwa hiyo nilivua kutoka kwenye miamba iliyo chini ya nyumba yetu, kwa mshipi wa mkono. Asubuhi tilapia, alasiri kambare. Wavuvi walinicheka, maana kwetu mwanamke huuza samaki, hamvui. "Maman ya ndoano," waliniita, "unatafuta muchumba kati ya kambare?" Nami niliwajibu kwamba kambare angalau ana ndevu, na anarudi nyumbani kila siku. Basi wakazoea. Samaki wangu aliwanunua mara nyingi mama mmoja mfanyabiashara wa Bukavu, Maman Furaha, mwanamke mnene mwenye sauti ya kwaya, aliyevuka daraja la mpakani karibu kila siku na beseni kichwani. Mara nyingi hakunilipa pesa, alinipa unga wa muhogo, chumvi, sabuni, na mara moja mshipi mnene wa kambare, mpya kabisa, ambao mwanawe Shukuru alikuwa amemchagulia dukani. Niliupitisha mshipi huo midomoni mbele yake wala sikukuta mkwaruzo hata mmoja. Alicheka mpaka beseni likatikisika. "Unaonja kamba kama muntu anaonja mchuzi," akasema.

Kulikuwa na sheria moja mwaloni kwetu ambayo kila mvuvi aliishika. Wakati wa mauaji makubwa, kabla hatujarudi, ziwa lilikuwa limepokea watu wengi mno, na kwa muda mrefu baadaye hakuna aliyetaka kula kilichotoka humo. Wavuvi walikaribia kufa njaa. Ndipo walipokubaliana kwamba wavu, mshipi au mtumbwi wowote ukigusa maiti, utachomwa moto hapo hapo mwaloni mbele ya wanunuzi, ili kila mtu aone na kuamini kwamba samaki wanaouzwa wametoka kwenye chombo safi. Samaki mmoja akioza huoza wote, walisema. Mlinzi wa sheria hiyo alikuwa mkubwa wa mwalo, Mzee Sipiriani, mtu mrefu asiye na sikio moja, ambaye mwenyewe alikuwa amechoma wavu wake mpya akilia. Kwa sababu ya sheria hiyo wavuvi walijifunza jambo lingine ambalo hakuna aliyelisema kwa sauti: wakiona kitu kinaelea, waligeuza mtumbwi.

Katikati ya mvua vita ilivuka mpaka ikaingia Bukavu. Tulikuwa tumezoea mlio wa bunduki moja moja, lakini sasa milima ya Bukavu iliunguruma kutwa nzima, makombora ya mizinga yakapita juu ya vichwa vyetu yakipiga kelele kama bati linalochanwa. Daraja lilifungwa. Maman Furaha alikutwa upande huu na beseni lake, na Shukuru, mwanawe wa pekee aliyebaki, alikuwa upande ule. Watu wa ng'ambo walianza kuogelea, kwa madumu, kwa vigogo vya migomba, kwa milango ya nyumba zao, na wenye bunduki juu ya kilima waliwapiga risasi majini kama watoto wanavyotupia mawe maembe mabichi. Tuliviona vichwa. Kichwa kilikuwa pale, halafu hakikuwapo. Risasi zilizopotea zilitua kwenye migomba yetu, na moja ikapita ukutani ikamuua mbuzi wa jirani akiwa amesimama, akabaki anatafuna kwa dakika moja kabla hajaanguka. Asubuhi Fideli alizichokoa risasi kwenye vigogo, tukaziyeyusha ndani ya mkebe wa sardini juu ya makaa, nikapata chubwi mpya. Nilivua kwa chubwi hizo, kwa sababu njaa haikusubiri amani.

Siku moja asubuhi, milio ilipotulia kidogo, Maman Furaha aliteremka mbio kwenye miamba yangu, hana viatu, kitenge kimemfunguka. Alionyesha majini kwa kidole. Mbali kidogo na mwamba wa mwisho alikuwa anaelea mtu, uso chini, shati la manjano limejaa hewa mgongoni. Maji ya pale yana tabia ya kuvuta polepole kuelekea mlango wa mto Rusizi, na kinachoingia mtoni hupigwa kwenye mawe na hakirudi tena. Mitumbwi yote ilikuwa imeegeshwa. Mtumbwi wowote ambao ungetoka, ungepigwa risasi kutoka ng'ambo, na hata kama usingepigwa, hakuna aliyetaka kuuchoma.

"Ni yeye," Maman Furaha akasema. "Ule mukanda wa ngozi nilimununulia mimi. Nilimuambia avae, suruali isimuanguke akiogelea." Kisha akanishika mabega. "Mwanangu, batu bote bamekataa. Kamba yako njo inafika kule. Usimuache aende mtoni kama takataka."

Fideli alikuwa nyuma yangu na kopo. Alikuwa na miaka kumi na aliielewa sheria kama mtu mzima. "Yaya," akasema, ndivyo tulivyozoea kumwita mkubwa kule Bukavu, "watauchoma. Ni huo mmoja tu unaofika mbali. Shangazi atakuja." Nilimtazama yeye, nikamtazama yule mama, na maji yale hayakuacha kuvuta. Watu hudhani uamuzi mkubwa huchukua muda mrefu. Wangu ulichukua muda wa kufungua kifuniko, na baada ya hapo nilikuwa na kazi tu, na kazi nilikuwa naijua. Maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga.

Nilichagua mshipi ule mnene aliouchagua Shukuru mwenyewe. Niliupitisha midomoni. Ndoano kali nilizirudisha. Ndoano kali ingemrarua, na mtu aliyelala majini nyama yake hailingani tena na ya mtu aliye hai. Ingetoka na kipande na kumwacha aende zake, mama yake akitazama. Nilichukua ndoano kubwa kuliko zote, ya kambare wakubwa, nikaisugua kwa tupa jino likaisha, nikaisugua ncha ikawa butu kama kidole. Ilikuwa ndoano bora ya baba, na nilikuwa naiharibu kwa mikono yangu. Nilitaka iingie chini ya mkanda na kushika ngozi ya ng'ombe, isishike ngozi yake. Nikafunga fundo, nikalilowesha kwa mate, nikatundika chubwi mbili za risasi, nikasimama juu ya mwamba wa mwisho mahali ambapo kilima chote cha ng'ambo kingeniona.

Mara ya kwanza nilitupa fupi. Nilipokuwa nauvuta mshipi nitupe tena walianza kupiga. Maji yalirukaruka mbele yangu, kisha jiwe likapasuka kando ya kichwa changu na kipande chake kikanichana juu ya jicho. Damu ikanishuka na nusu ya ziwa ikawa nyekundu. Maman Furaha hakulala chini. Alisimama nyuma yangu akanishika kiunoni kwa mikono miwili, kama mtu anayemshikilia mwenzake asiteleze, na nilimsikia akinong'ona sala ambayo haikuwa na maneno kamili. Nilitupa tena, mbali kupita yule mtu, nikaacha chubwi zizame, nikavuta taratibu. Ndoano iliteleza juu ya shati. Ikateleza pajani. Ikakamata. Nilijua kwa mkono kwamba ni mkanda, kwa sababu nyama huvutika na ngozi ya mkanda haivutiki. Uzito wake mshipini ulikuwa uzito wa kambare aliyekubali kushindwa. Nilimvuta polepole, nikilegeza kila wimbi lilipomrudisha, nikikaza lilipomleta, na risasi zikapiga maji yale yale, na nyingine zikampiga yeye, ambaye hazikuweza kumfanya lolote tena.

Tulipompandisha nyuma ya mwamba tulimgeuza. Alikuwa amepigwa taya na kifua. Mama yake alimfuta matope puani kwa ncha ya kitenge, akamfunga kifungo cha shati kilichofunguka, akamwambia, "Umefika. Basi. Umefika." Mimi nilianza kuuzungusha mshipi kwenye kijiti chake, maana nilikuwa nimefundishwa kwamba mshipi hauachwi umetapakaa, na ndivyo Mzee Sipiriani alivyonikuta, yeye akiwa na kiberiti mkononi.

"Pole, mutoto," akasema. Alikuwa anasema kweli. "Lakini unajua. Leta hapa tuchome."

"Sichomi, Mzee."

"Mimi nilichoma wavu wangu. Ulikuwa na thamani kuliko nyumba yako."

"Najua, Mzee. Lakini nyumba yangu inakula kwa huu."

Alinitazama damu inavyonidondoka kidevuni. Hakuninyang'anya, na angeweza. Alisema tu kwamba basi samaki wa mshipi ule hawatauzwa mwaloni, na kwamba atamwambia kila mnunuzi, maana watoto wa wavuvi wengine nao wana matumbo. Hakuwa na kosa. Hilo ndilo lililokuwa gumu.

Nyumbani niliutunza mshipi ule kuliko nilivyokitunza kidonda changu. Niliulaza katika maji ya majivu yenye uvuguvugu, si ya moto, maana maji ya moto huulegeza na kuuvunja nguvu. Niliusuuza chemchemini hadi maji yakatoka hayana rangi wala harufu. Niliuanika kivulini, nikaupitisha midomoni wote, bila kuruka hata sehemu iliyokuwa imemgusa Shukuru, nikaikata ile iliyokwaruzwa na mwamba. Ndoano ile butu haikuwezekana kurudishiwa jino, lakini niliinoa ncha upya. Ndoano isiyo na jino hushika kambare kama mshipi haulegei hata kidogo, na mimi niliapa hautalegea. Nilivua. Samaki walikuja kama zamani, hawakujua sheria. Wanunuzi ndio hawakuja. Nikifika mwaloni watu walisogea, mama mmoja akaziba pua ingawa kambare walikuwa bado wanatikisa mikia. Tulikula samaki bila unga, kisha bila chumvi, na Solanje akaanza kuwakataa, akilia kwamba wanamtia kinyaa. Habari mbaya haina mlima wa kuizuia. Shangazi alifika kutoka Bweyeye, maharage yakiwa bado yana maua.

Hakunigombeza. Aliwaosha watoto, akawafunga vitu vyao katika kitambaa kimoja, akasema watatangulia njiani kabla ya mvua. Nilimwomba tupite mwaloni kwanza, kwa kuwa nilikuwa na kambare watatu wakubwa wa jana yake na sikutaka waoze. Tulishuka pamoja, shangazi na kifurushi, Solanje amenishika sketi, Fideli mbele na samaki kwenye kamba ya mgomba. Niliwapanga juu ya jani. Watu wakatazama pembeni. Mvuvi mmoja kijana akasema, si kwa sauti ya chini, "Maman ya ndoano, hao wauzie bafu, waliokufa ng'ambo."

Maman Furaha alikuwa ameketi kwenye mtumbwi uliopinduliwa, kichwa amekinyoa, kwa kuwa daraja lilikuwa bado limefungwa na hakuwa na mahali pa kuombolezea. Aliinuka. Alikuja akachuchumaa mbele ya jani langu, akawaminya samaki tumboni mmoja mmoja kama alivyofanya siku zote, akamchagua mkubwa. Hakulipa wala hakuuliza. Alimpasua kwa kisu cha jirani, akaenda kwenye moto ambao wanawake walikuwa wanachomea mahindi, akasukuma mahindi yao kando, akamlaza samaki juu ya makaa. Mafuta yalidondoka, moshi ukapanda, naye akangoja bila kumtazama mtu. Alipoiva alikula kwa mkono, tonge kubwa, polepole, machozi yakimshuka na yeye hayafuti.

"Kamba hii imenirudishia mutoto wangu," akasema akiwa bado anatafuna. "Kama kilichomugusa mutoto wangu ni kichafu, basi na ziwa langu alilonyonya ni chafu, na mgongo huu niliomubebea. Anayeona hivyo asimame aniambie mimi, asimuambie huyu mutoto."

Hakusimama mtu. Halafu mama mmoja muuza mahindi, mwenye midomo isiyokwisha mzaha, akasema, "Sasa umenichafulia mahindi yangu kwa mafuta ya samaki, na mimi sitayatupa. Nikatieni huo mgongo." Akapewa, akala. Mzee Sipiriani alikuja na mwendo wake wa polepole. Nilidhani ataleta kiberiti. Alichomoa kipande cha mkia, akakipuliza, akakila amesimama, akatema mwiba majini. "Wavu wangu," akasema, kama anazungumza na ziwa, "ulikuwa muzuri sana." Akaondoka. Kambare wawili waliobaki walinunuliwa kwa unga na chumvi kabla shangazi hajakiweka kifurushi chini.

Alikiweka. Alikifungua hapo hapo, akamrudishia Solanje sweta lake, akanitazama mimi, kovu langu bichi, vidole vyangu vilivyochanjwa na mshipi. "Maharage yenu yatakauka lini?" akaniuliza. Nikamwambia. "Basi nitakuja kuwasaidia kuyapiga," akasema. Alikuja kweli, akayapiga, akala nasi kambare, akarudi Bweyeye peke yake.

Tangu siku ile hakuna aliyechoma kitu mwaloni kwetu. Lakini jambo lingine lilianza, ambalo sikulitarajia. Vita ya kwanza ikaisha na ya pili ikaja, na kila mara mtu alipoonekana majini watu hawakugeuza tena mitumbwi: walikuja kunigongea. Nilikwenda. Niliwavuta wake kwa waume, wa upande huu na wa upande ule, wenye sare na wasio nazo, na katika hao walikuwamo bila shaka waliokuja na mapanga. Niliwashika mikanda, niliwashika khanga, mmoja nilimshika kwa kamba ya kiatu. Alasiri nikaosha mshipi, na asubuhi nikauvulia samaki.

Siku hizi Cyangugu kuna taa barabarani, na mtu akizama wanaitwa askari wenye boti na nguo za mpira. Madukani ndoano zinauzwa zikiwa zimefungwa kwenye karatasi ya plastiki, huwezi kuziburuta juu ya ukucha mpaka uwe umekwisha kulipa. Vijana huja wikendi na fimbo zenye gurudumu, wananiuliza samaki wako wapi, na mshipi ukipata mkwaruzo wanautupa ziwani wote. Siwalaumu. Hawajawahi kuwa na mmoja tu. Fideli anaendesha lori kati ya hapa na Kigali, na Solanje anafanya kazi katika zahanati, ana watoto ambao hawapendi kambare. Wakati mwingine watu wanaojua habari zetu huwauliza, kwa nia njema, kama kweli dada yao aliwalisha kwa mshipi wa maiti. Fideli hukasirika. Solanje huwatazama watoto wake. Na mimi nikiulizwa hujibu kwamba ndiyo, ni kweli, hatukuwa na mishipi miwili ya kufika mbali, mmoja wa walio hai na mmoja wa waliokufa. Ulikuwa mmoja, na ulifika.